Fidla katika sahani za kale: Mwongozo kwa sikio lililolelewa na taarabu

MALI ya marehemu ami yangu ilipokuwa ikigawanywa hapa Bombolulu, sanduku moja la sahani za santuri lilikaa barazani siku tatu bila mrithi. Vijana walitaka runinga na jokofu. Nilipolifungua, takriban nusu ya sahani zilikuwa zimevunjika. Katika zilizosalia, taarabu na fidla ya Kizungu zilikuwa zimelaliana, nyingi zikiwa na nembo moja: mbwa akisikiliza bomba la gramafoni.

Nembo hiyo ni ya His Master's Voice. Mwaka 1926, mjini Berlin, Fritz Kreisler wa Austria alirekodi koncheto ya fidla ya Beethoven, okestra ikiongozwa na Leo Blech. Miaka miwili baadaye, 1928, Siti binti Saad na wapigaji wake walivuka bahari kutoka Unguja hadi Bombay, wakaimba kwa ajili ya nembo hiyo hiyo. Shida yao ilikuwa moja. Upande mmoja wa sahani ulibeba takriban dakika nne tu. Wimbo uliweza kufupishwa ukaenea. Koncheto ya Beethoven, ambayo huzidi dakika 40, ilibidi ikatwe vipande na kugawanywa katika sahani kadhaa, na msikilizaji akawa hana budi kunyanyuka kila mara kugeuza.

Koncheto ni utungo mrefu, kwa kawaida wa sehemu tatu, ambamo mpigaji mmoja hukabiliana na okestra nzima. Huongoza, hujibiwa, hubishana nayo, kisha okestra hunyamaza akabaki peke yake. Hapo mwenye sikio la taarabu hapotei, kwa maana kipande hicho cha upweke, kiitwacho kadenza, kina udugu na taksimu. Tofauti ni kwamba taksimu hubuniwa papo hapo, ilhali kadenza mara nyingi huwa imekwisha kuandikwa. Zile alizoziandika Kreisler kwa koncheto ya Beethoven zingali zinapigwa hadi leo.

Ala yenyewe ni ile ile. Wazungu huziacha nyuzi nne katika mpangilio wao wa kawaida. Wapigaji wengi wa Kiarabu hulegeza mbili za juu, na kwa vidole huzitafuta sauti zilizo katikati ya sauti, ambazo piano haina. Aliyemsikia Ahmed El Hefnawy akiongoza fidla nyuma ya Umm Kulthum anaelewa. Kwetu Mombasa, sauti ya Juma Bhalo ilitembea zaidi na kinanda na tabla. Fidla nyingi tulizipata kwa jirani zetu wa Unguja, katika vyama kama Nadi Ikhwan Safaa, kilichoanzishwa 1905.

Msomaji aanzie wapi? Wengi humtaja Yehudi Menuhin, aliyerekodi koncheto ya Elgar mjini London mwaka 1932 akiwa na umri wa miaka 16, mtunzi mwenyewe akiongoza okestra. Ni kumbukumbu adhimu. Lakini mimi ningemshauri aanze na Sibelius, kwa sababu hapo ana wapigaji wawili wa kulinganisha. Jascha Heifetz aliirekodi koncheto hiyo mwaka 1935 chini ya Thomas Beecham. Upinde wake haukosei; ni mwepesi na mkali kama wembe, na husikii jasho hata tone. Miaka kumi baadaye, 1945, Ginette Neveu wa Ufaransa aliipiga mjini London, Walter Susskind akiongoza. Huyu hasafishi kila kitu. Husukuma uzi hadi unakaribia kulalama, na sehemu ya pili anaipiga kama mtu anayezuia kilio mbele ya wageni. Heifetz namstaajabia, Neveu humrudia. Alifariki katika ajali ya ndege visiwani Azores mwezi Oktoba 1949, akiwa na umri wa miaka 30, na rekodi alizoacha ni chache.

Wa tatu namtaja kwa ajili ya mtaa huu, unaojulikana kwa karakana zilizoanzishwa 1969 kwa ajili ya mafundi wenye ulemavu. Itzhak Perlman aliugua polio akiwa na umri wa miaka minne, na hupiga akiwa ameketi. Koncheto ya Brahms aliyorekodi Chicago mwaka 1976, Carlo Maria Giulini akiongoza, ina sauti nene na ya ukarimu. Ukumbini Ulaya, kuketi kwake kulionekana jambo la pekee. Katika taarabu, ambako wapiga fidla wote huketi vitini, asingetazamwa mara mbili.

Mwenye sahani za zamani nyumbani asizilaze kwa marundo, bali azisimamishe wima, mbali na jua. Asizifute kwa spiriti, maana spiriti huyeyusha sandarusi iliyozifinyanga. Tena zahitaji sindano yake maalumu. Ile ya sahani za baadaye, zilizoingia sokoni mwaka 1948, ni nyembamba mno kwa mfereji wake.

Seti ya Kreisler ya ami imekosa sahani ya mwisho. Koncheto inakatika katikati ya sehemu ya tatu, okestra ikiwa ndiyo kwanza imeanza kumjibu. Kipande kilichobaki nilikisikiliza katika simu ya mpwa wangu, ambaye hatimaye aliuliza lile sanduku liko wapi.