Vitu vyote vimefanyika na nini?

Twaa kikombe cha maji, donge la udongo na kipande cha shaba. Havifanani hata kidogo. Maji hutiririka, udongo husagika vidoleni, shaba hung'aa na hukunjika pasipo kuvunjika. Lakini vyote vina mambo mawili sawasawa: vina uzito, tena vinachukua nafasi. Kila kitu cha namna hiyo wenye elimu wanakiita maada. Hata hewa ni maada, ingawa hatuioni.

Basi, maada imefanyika na nini? Myunani mmoja, Empedocles, aliyeishi katika kisiwa cha Sicilia miaka zaidi ya 400 mbele ya Kristo, alifundisha kwamba asili ya vitu ni nne tu: udongo, maji, hewa na moto. Aristotle alikubali neno hilo, na kwa sababu ya heshima yake watu wa Ulaya wakalishika miaka karibu 2000. Tena walionyesha ushuhuda: chemsha maji mpaka yakauke, na chomboni hubaki vumbi. Wakasema, «Tazama, maji yamegeuka udongo.»

Antoine Lavoisier, aliyezaliwa Paris mwaka 1743, hakushindana kwa maneno. Alipima. Mwaka 1768 alitia maji safi katika chupa ya kioo, akaifunga, akaiweka motoni siku 101. Vumbi likaonekana. Akapima maji: hayakupungua. Akapima chupa: hiyo ndiyo iliyopungua, karibu kadiri ya lile vumbi. Kumbe vumbi lilitoka katika kioo, wala si katika maji!

Mwaka 1774 Mwingereza Joseph Priestley alichoma unga mwekundu wa zebaki, akapata hewa iliyowakisha mshumaa kwa nguvu sana. Alimweleza Lavoisier habari hiyo, naye, baada ya kupima tena na tena, akaiita hewa hiyo oksijeni. Akaonyesha kwamba kitu kikiungua kinaungana na oksijeni. Moto wenyewe si maada. Mwaka 1783 akaonyesha kwamba maji ni oksijeni na hidrojeni zilizoungana. Hivyo zile asili nne zikaanguka.

Tangu hapo tunapanga maada kwa namna tatu. Ya kwanza ni elementi, isiyotengeka tena kwa njia za kemia, kama shaba na oksijeni. Ya pili ni muungano: elementi zinaungana, na kitu kipya kinazaliwa chenye tabia yake. Hidrojeni huwaka, oksijeni hukuza moto, lakini maji huuzima. Ya tatu ni mchanganyiko, kama chumvi na mchanga: kila kimoja hushika tabia yake, na maji yatosha kuvitenga.

Wafua shaba wa Katanga walifanya kazi hiyo ya kutenga pasipo kitabu. Walitia jiwe la kijani na makaa katika tanuru, wakavukuta. Jiwe lile ni muungano wa shaba na elementi nyingine. Makaa huondoa oksijeni, na shaba tupu hubaki. Wakaimimina katika umbo la msalaba, ikapelekwa mbali kwa biashara.

Katika kitabu chake cha mwaka 1789 Lavoisier alihesabu elementi 33. Ndani yake alitia nuru na joto, ambavyo si maada, na chokaa pia. Mwaka 1808 Humphry Davy alitoa kalsiamu katika chokaa, ikajulikana kuwa ni muungano. Lakini Lavoisier hakuona siku hiyo. Alikuwa mmoja wa wale waliokusanya kodi ya mfalme, na kwa ajili hiyo alikatwa kichwa Paris tarehe 8 Mei 1794, mwenye miaka 50.

Mwaka 1869 Mrusi Mendeleev alipanga elementi zilizojulikana, akaacha nafasi tupu kwa zile zisizopatikana bado. Gali ilipatikana mwaka 1875, ikaingia katika nafasi yake. Leo zinahesabiwa 118. Wamebadilisha hesabu ya Lavoisier, lakini waliibadilisha kwa njia aliyowafundisha: kupima kwanza, kisha kusema.