Makumbusho ndani ya gemu: nani anamwambia mgeni "acha"?

Ukipanda juu ya kaburi la kale pale Kaole, Bagamoyo, ili upige picha, utaambiwa ushuke. Makumbusho ya mtandaoni nayo yanahitaji mtu wa kusema hivyo.

Hatuzungumzii tovuti yenye picha. Haya ni majengo ya kidijitali ndani ya ulimwengu kama Second Life (ulioanza 2003), Minecraft au Fortnite. Unaingia kwa avata, yaani kikaragosi chako, na humo unakutana na wageni wengine. Hao wageni wengine ndio wanaoleta kazi.

Pwani yetu imeshaanza, ila kwa nusu iliyo rahisi. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yalipimwa na mradi wa Zamani wa Chuo Kikuu cha Cape Town. Januari 2020, Google, CyArk na ICOMOS wakaiweka Kilwa mtandaoni. Bando likiruhusu unaizunguka kwa simu. Lakini uko peke yako, kwa hiyo hakuna wa kumkera.

Wakiingia wengi mambo hubadilika. Agosti 2021, TIME Studios waliweka ndani ya Fortnite maonyesho ya hotuba ya Martin Luther King ya 1963. Wachezaji wakaanza kucheza dansi na kufanya mbwembwe humo. Epic Games, wenye gemu, wakalazimika kuzima nyingi ya mbwembwe hizo. Mwaka 2023 Luc Bernard alipoandaa humohumo makumbusho ya mauaji ya Wayahudi, alipanga dansi zizuiwe tangu mwanzo. Alikuwa ameshaona.

Sasa chukua Caravan Serai ya Bagamoyo, mji ambao misafara ya karne ya 19 ilileta pembe za ndovu na watu waliotekwa. Ikijengwa kwenye gemu, nani atazuia dansi mbele ya minyororo? Nani atafuta matusi ya Kiswahili cha mtaani, ambayo msimamizi aliyeko Ulaya hata hayaelewi? Kwa maoni yangu, bajeti ya watu hao itengwe kabla ya kununua kamera. Na iwepo kila mwezi, siyo siku ya uzinduzi tu.

Kingine ni mwenye jukwaa. Microsoft waliifunga AltspaceVR Machi 2023, na kumbi zilizojengwa humo zikafungwa nayo. Kwa hiyo mkataba wowote useme wazi kwamba vipimo na picha zote zinabaki pia hapa nchini.