Kuhama mfumo endeshi

Kuhama mfumo endeshi ni kuiondolea kompyuta programu mama inayoiendesha na kuiwekea nyingine ya ukoo tofauti, kwa mfano kutoka Windows kwenda Linux. Kupanda kutoka Windows 10 hadi Windows 11 hakuhesabiwi kuhama, maana mwenye nyumba ni yule yule. Mafundi wa Tanzania husema "kupiga window" wakimaanisha kufomati diski na kuweka mfumo upya, na kwa fundi mzoefu kazi hiyo huisha ndani ya saa moja hivi. Uamuzi wa kuhama au kubaki ni jambo jingine. Jiji moja la Ulaya lilizunguka nao kwa miaka kumi na minne, likaenda na kurudi, na hadi leo watu wanabishana kama lilikosea siku ya kuondoka au siku ya kurejea.

Kinachoifunga mashine

Mtumiaji wa kawaida hafanyi kazi na mfumo endeshi. Anafanya kazi na barua, hesabu, picha na printa, na mfumo uko chini ya vitu hivyo kama msingi chini ya sakafu. Ndiyo maana ubishi wa vijiweni kuhusu mfumo upi una kasi na upi hauingii virusi haumsaidii sana anayetaka kuamua. Cha kuhesabu kwanza ni vile vilivyojengwa juu ya msingi huo.

Mwanafunzi anayeshinda ndani ya kivinjari, akisoma barua pepe na kuandika kazi zake mtandaoni, hana kinachomfunga: Firefox na Chrome zipo kwenye Windows, zipo kwenye Linux, zipo kwenye Mac. Mhasibu mwenye hesabu za miaka sita ndani ya Tally yuko upande wa pili kabisa, kwa sababu programu hiyo imetengenezwa kwa ajili ya Windows. Ipo Wine, iliyoanza kuundwa mwaka 1993 ili programu za Windows ziweze kukimbia juu ya Linux, na baadhi inaziendesha vizuri. Lakini kumwekea mhasibu hesabu za kodi juu ya Wine ni kumtafutia ugomvi na bosi wake.

Katikati ya hao wawili wamo watu wengi, na hao hukwama kwenye jambo dogo kuliko walivyotarajia. Chukua barua rasmi ya kurasa mbili iliyoandikwa kwa Microsoft Word, fonti ya Calibri. Ikifunguliwa kwa LibreOffice, programu huria ya ofisi, kwenye mashine isiyo na Calibri, programu inaazima fonti nyingine. Kama aliyesimika mfumo alikumbuka kuweka Carlito, ambayo herufi zake zina upana ule ule wa Calibri, barua inatulia mahali pake. Kama alisahau, mistari inarefuka kidogo, kila aya inasukuma inayofuata, na ukurasa wa pili unafurika: "Wako mtiifu", nafasi ya sahihi na mahali pa mhuri vinaangukia ukurasa wa tatu, peke yake. Hakuna neno lililopotea ndani ya faili. Hata hivyo katibu muhtasi atasema Linux imeharibu barua, na mkurugenzi atamwamini katibu muhtasi.

Munich: jiji lililohama na kurudi

Mfano unaotajwa kuliko mingine yote ni wa Munich, mji mkuu wa jimbo la Bavaria nchini Ujerumani. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 serikali ya jiji hilo ilikuwa na kompyuta takriban 14,000 zenye Windows NT 4.0, mfumo wa mwaka 1996 ambao Microsoft ilikuwa inakaribia kuacha kuuhudumia. Kubaki palepale hakukuwezekana. Lililobaki ni kuchagua pa kwenda. Steve Ballmer, aliyekuwa akiiongoza Microsoft, alikatiza likizo yake ya kuteleza kwenye theluji Uswisi ili akaonane na meya Christian Ude, na kampuni ikashusha bei. Tarehe 28 Mei 2003 baraza la jiji likapiga kura ya kwenda Linux.

Baada ya punguzo lile, kwenye makaratasi Linux haikuwa tena njia ya bei nafuu. Madiwani waliichagua wakitaka jiji lisimtegemee muuzaji mmoja ambaye akiamua kuachana na toleo fulani, ofisi zote zinalazimika kumfuata. Hoja hiyo ni nzito, na ina udhaifu mmoja: faida yake haionekani mezani kwa karani. Karani anaona kitufe kilichohama.

Mradi ulipewa jina LiMux, mseto wa Linux na München, jina la jiji kwa Kijerumani. Mwaka 2004 ulisimama kwa muda kwa hofu ya hataza za programu, na kompyuta za kwanza zilihamishwa mwaka 2006. Kilichokula miaka mingi kilikuwa desturi za ofisi. Kila idara ilikuwa na wataalamu wake wa kompyuta na namna yake ya kufanya mambo, na juu ya yote violezo vyake vya barua na fomu, maelfu kwa maelfu, vingi vikiwa na makro zilizoandikwa na mtu aliyekwisha kustaafu. Kiolezo cha namna hiyo kinajua jina la afisa, namba ya chumba chake, nembo ya idara na aya ya sheria inayopaswa kukaa chini ya kibali cha ujenzi. Hakihami kwa kunakiliwa. Watu wa LiMux walilazimika kutunga chombo chao kipya, WollMux, kinachokaa juu ya programu ya ofisi ya OpenOffice na kujaza mambo hayo chenyewe. Jina lake linamtania mnyama wa msemo wa Kijerumani, nguruwe anayetaga mayai huku akitoa sufu na maziwa, yaani kitu kimoja kinachotakiwa kufanya yote.

Mradi ulifungwa rasmi Desemba 2013, LiMux ikiwa kwenye kompyuta zaidi ya 14,000, juu ya lengo lililowekwa. Jiji lilitangaza kuwa limeokoa zaidi ya yuro milioni 10; utafiti ulioagizwa na Microsoft ukazipinga hesabu hizo, na jiji likaupinga utafiti.

Mwaka uliofuata Ude aliondoka madarakani. Meya mpya, Dieter Reiter, wa chama kile kile, hakuficha kwamba mfumo huo haumpendezi. Wafanyakazi walilalamikia kalenda, barua pepe, na nyaraka zilizotoka nje zikiwa zimevurugika. Mwaka 2016 makao makuu ya Microsoft ya Ujerumani yalihamia ndani ya Munich kutoka mji jirani wa Unterschleißheim, na wenye midomo wakasema yao. Ripoti ya kampuni ya ushauri Accenture, ambayo ni mbia wa Microsoft katika kampuni ya Avanade, ilifungua njia ya kurudi Windows. Lakini ripoti hiyo hiyo ilikiri kwamba sehemu kubwa ya matatizo ilitokana na jinsi huduma za kompyuta zilivyopangwa, zikiwa zimetawanyika kila idara na matoleo ya programu yakiwa yamechakaa. Novemba 2017 baraza lilipiga kura ya kurudi, kwa gharama iliyokadiriwa kukaribia yuro milioni 50. Mwaka 2020 muungano mpya wa chama cha Kijani na SPD, chama cha Reiter, ukaandika kwenye makubaliano yake kwamba programu huria zitapewa kipaumbele kila inapowezekana. Windows ilibaki mezani.

Kwa maoni ya mwandishi wa makala haya, Munich haikushindwa na Linux wala haikuokolewa na Windows. Idara zilizokuwa zikivutana mwaka 2003 zilikuwa bado zinavutana mwaka 2016, na mfumo endeshi ukabebeshwa lawama kwa kuwa ndio uliokuwa na jina.

Polisi wa kijeshi wa Ufaransa, Gendarmerie, walipita njia nyingine bila kelele nyingi. Mwaka 2005 waliwabadilishia askari programu za ofisi, wakawapa OpenOffice juu ya Windows ile ile waliyoizoea. Kisha zikaja Firefox na Thunderbird ya barua pepe. Mwaka 2008 walipoanza kuuondoa mfumo wenyewe na kuweka Ubuntu, aina mojawapo ya Linux, waliyoiita GendBuntu, askari alikuta picha zile zile alizokuwa akizibonyeza tangu zamani. Kufikia mwaka 2024 mashine hizo zilikuwa zaidi ya 100,000. Ni kweli pia kwamba askari hapigi kura kuhusu kompyuta anayopewa.

Windows 10 na laptopu za mitumba

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuitolea Windows 10 viraka vya usalama bila malipo ya ziada au masharti mapya, na swali la Munich likaingia nyumbani kwa watu. Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0, na kwa upande wa Intel inataka kwa kawaida prosesa ya kizazi cha nane kwenda mbele. Laptopu nyingi zinazouzwa kama mitumba Kariakoo jijini Dar es Salaam au Barabara ya Luthuli jijini Nairobi ni mashine za ofisi za ng'ambo zilizomaliza muda wake, na za kizazi cha sita na cha saba bado zimejaa. Zina nguvu ya kutosha kuandikia tasnifu. Zimekataliwa mlangoni tu.

Mwenye mashine kama hiyo ana njia chache. Anaweza kujiandikisha apate viraka vya nyongeza, vinavyomfikisha mtu binafsi Oktoba 2026. Anaweza kumwomba fundi amlazimishie Windows 11, jambo linalowezekana ingawa Microsoft haitoi ahadi kwamba masasisho yataendelea kuja. Au ahamie Linux.

Hapa hoja ya bei, inayovuma sana Ulaya, inapoteza makali. Pale ambapo Windows ya dukani mara nyingi ni ya kuchakachua, kumwambia mtu kwamba Linux ni ya bure hakumshtui. Kwake hata Windows ilikuwa ya bure. Kinachomuuma ni bando. Faili la kusimikia Ubuntu ya siku hizi linazidi GB 5, na masasisho yake nayo yanakula data, kwa hiyo ni busara kulipakua penye mtandao wa ofisi au chuo na kuwagawia wenzako kwa flashi.

Lugha nayo ina historia yake. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili, mwaka 2004, na baadaye Microsoft ikatoa vifurushi vya Kiswahili vya programu zake. Ni vizuri kujua, lakini ni nadra lugha ya menyu kuamua uhamaji: mwenye kujifunza kwa fundi hujifunza kwa majina anayoyatumia fundi.

Kujaribu kabla ya kuamua

Linux nyingi zinaweza kuwashwa kutoka kwenye flashi bila kugusa diski. Mashine inazimwa, flashi inachomekwa, inawashwa huku F12 au kitufe cha aina hiyo kikibonyezwa, na ndani ya dakika chache mfumo mgeni uko kwenye skrini. Wengi hutazama rangi, wakasifu, wakazima. Jaribio lenye maana linahitaji siku nzima ya kazi halisi. Unganisha Wi-Fi, kwa sababu kuna chipu ambazo hazina draiva mpaka uzitafute, na utazitafuta vipi bila mtandao? Funga kifuniko uone kama laptopu inalala na kuamka. Chapisha ukurasa kwenye printa ile ile ya ofisini. Printa ndogo za leza ndizo zenye vituko zaidi. Kisha fungua nyaraka kumi za zamani, zile mbaya, zenye majedwali na makro, na angalia sahihi imeangukia wapi.

Anayeamua kuhama baada ya hapo si lazima afute chochote. SSD mpya ndogo inachukua mfumo mpya, na diski ya zamani inafungwa kwenye bahasha pamoja na Windows yake, faili zake na Tally yake, ikawekwa kwenye droo. Kwenye laptopu ya mtumba ya kawaida, kuirudisha ni kazi ya bisibisi na dakika kumi.