Mkwaju wa Katabi na Wageni Wake

Husemwa mara kwa mara kuwa Afrika ni bara la mila nyingi. Neno hilo ni la kweli, lakini mwanafunzi akilisikia hudhani kuwa wingi huo uko mbali naye, katika ramani ukutani. Historia ya Mpanda yaonyesha kuwa bara hili liko mlangoni petu.

Wenyeji wa nchi hii ni Wabende upande wa Ziwa Tanganyika, Wapimbwe katika Bonde la Rukwa, na Wakonongo upande wa Inyonga. Karibu na Ziwa Katavi upo mti wa mkwaju ambao wenyeji huamini kuwa ni makao ya mzimu wa Katabi, mwindaji mashuhuri wa kale, nao huweka sadaka zao chini yake. Katika miaka ya 1920 malale yaliposumbua nchi, serikali ya Kiingereza ilianza kuwahamisha watu na kuwakusanya katika makazi machache. Hivyo watu wengi walitengwa na makaburi na matambiko ya wazee wao. Jina la mzimu huo lilipewa Hifadhi ya Taifa mwaka 1974, kisha mkoa mpya mwaka 2012. Jina limekua, ninachohofu ni kupungua kwa wale wanaoijua maana yake.

Na wageni je? Mwaka 1889 alifika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, tabibu mmoja Mwafrika aitwaye Adrien Atiman. Alizaliwa karibu na Timbuktu, akaibwa utotoni na kuuzwa utumwani, akakombolewa na wamisionari, akasomeshwa uganga huko Malta. Aliwatibu watu wa Karema hadi uzee wake, akafariki mwaka 1956. Mtoto wa Afrika ya Magharibi akawa mzee wa Tanganyika.

Mwaka 1950 ilifunguliwa reli kutoka Kaliua ili kubeba madini ya risasi ya Mpanda. Kazi ya mgodi ilikutanisha watu wa makabila mengi, na Kiswahili kikawa lugha yao ya pamoja. Baadaye walikuja Wasukuma na ng'ombe wao, na ngoma yao ya bugobogobo, ambayo jembe ni pambo lake kama lilivyo chombo cha kazi. Machafuko ya Burundi ya mwaka 1972 yaliwaleta maelfu ya wakimbizi, wakapewa makazi Katumba, kisha Mishamo. Mwaka 2014 zaidi ya 160,000 kati ya watu wa makazi hayo na ya Ulyankulu, Tabora, walianza kupewa vyeti vya uraia wa Tanzania.

Mtu kwa Kirundi ni umuntu. Kwa Kifipa, umuntu. Kwa Kisukuma, munhu. Undugu huo ulikuwapo kabla ya mipaka kuchorwa. Hata hivyo, tusijidanganye. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mwenyeji aliye wachache aweza kumezwa na wageni, na mgeni aweza kuitwa mgeni hata mjukuu wake atakapoota mvi. Yote mawili ni dhuluma.

Mwalimu Nyerere alipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana mwaka 1962, aliitaka itafute yaliyo bora katika mila za makabila yote, yawe mali ya taifa. Hakuna awezaye kuchagua asichokijua. Kwa hiyo, ndugu mwalimu, watume wanafunzi wako kwa wazee. Mtoto wa Kipimbwe na aandike hadithi ya bibi yake. Aliyezaliwa Katumba na aandike ya babu yake aliyevuka mpaka. Kisha kila mmoja na aisome hadithi ya mwenzake kwa sauti, mbele ya darasa zima, wakati wazee hao wangali hai kuisahihisha.