Crossmaglen Rangers

Crossmaglen Rangers ni klabu ya kandanda ya Kigaeli, mchezo wa mikono na miguu wenye wachezaji 15 kila upande. Ilianzishwa mwaka 1887 Crossmaglen, kusini mwa kaunti ya Armagh, Ireland ya Kaskazini, karibu na mpaka wa Jamhuri ya Ireland. Kuanzia miaka ya 1970 jeshi la Uingereza lilitwaa sehemu ya ardhi ya uwanja wake kwa ajili ya kambi, na helikopta zikawa zinaruka juu ya wachezaji. Klabu haikuhama, uthabiti huo unastahili heshima kuliko kombe lolote. Wachezaji wake, wote wa ridhaa, wametwaa ubingwa wa klabu wa Ireland nzima mara 6: 1997, 1999, 2000, 2007, 2011 na 2012. Kocha wa mataji matatu ya kwanza, Joe Kernan, aliiongoza timu ya kaunti ya Armagh kutwaa ubingwa wa kaunti wa Ireland nzima mwaka 2002.