Duara Lenye Mwenyewe: Kombe, Kawa na Kofia Katika Mji wa Unguja

Sahani ni nyeupe, haina ua wala mstari. Maalim ameifuta kwa kitambaa safi, akaipakata. Pembeni pana kikombe kidogo cha zafarani iliyorowekwa kwenye marashi, na chumba kizima kinanukia. Anachovya kalamu ya mwanzi, anataja jina la Mwenyezi Mungu, anaanza kuandika. Mstari wa kwanza unafuata ukingo wa sahani mpaka unakutana na mwanzo wake. Wa pili unaingia ndani ya wa kwanza, wa tatu ndani ya wa pili, hadi katikati inabaki nafasi isiyozidi sarafu. Mama aliyekuja na shida yake amekaa mkekani, mtoto mwenye homa amemlalia mapajani. Hakuna anayesema.

Wino ukishakauka, maalim anamimina maji na kuizungusha sahani taratibu. Aya zinalegea, zinaachana, zinageuka maji ya manjano. Maji yanatiwa chupani, chupa inafungwa. "Mpe asubuhi na jioni," anasema, "na hospitali umpeleke vilevile." Kazi iliyochukua karibu nusu saa imefutika kwa muda wa kuvuta pumzi mbili.

Hili ndilo kombe, na katika mitaa ya Ng'ambo kama Kikwajuni si jambo la kale lililobaki kwenye masimulizi. Wapo wanaoliandika kwa mistari iliyonyooka, wapo wanaochora miraba yenye tarakimu na herufi, wapo wanaotumia karatasi badala ya sahani. Zafarani imekuwa ghali, kwa hiyo wengi siku hizi huandikia rangi ya chakula. Lakini umbo linalokaa akilini ni lile la sahani: duara lililojazwa kwa mkono na subira, kwa ajili ya mtu anayeumwa.

Miaka hii duara la namna hiyo limepata jina jingine duniani. Wanaliita mandala, neno la Kisanskriti lenye maana ya duara, na vitabu vya kupaka rangi vinauzwa kwa ahadi kwamba mwenye kulichora atatuliza moyo na kukuza kipaji chake. Makala haya yanalitazama jambo hilo kutoka upande wetu wa bahari, kwa kufuata vitu vitatu vya duara ambavyo mji wa Unguja umeishi navyo.

Sahani na neno

Kiswahili kimelibebesha neno kombe mizigo mingi. Ni sahani kubwa ya kupakulia. Ni gamba la chaza linalookotwa pwani maji yakitoka. Ni mfupa mpana wa bega. Ni zawadi ya washindi wa mpira. Vyote ni vitu vipana vyenye umbo la kuchukua kitu. Methali inasema, funika kombe mwanaharamu apite, na Mswahili anajua kwamba kilicho ndani ya kombe kina wenyewe, si cha kila macho.

Heshima ya sahani katika pwani hii ni ya zamani. Kunduchi, kaskazini ya Dar es Salaam, makaburi ya nguzo ya karne ya 18 yalipambwa kwa vyombo vya kauri kutoka China vilivyopachikwa kwenye chokaa. Huko Lamu, kuta za ndani za majumba ya mawe zilichongwa zidaka, safu kwa safu, na ndani yake vikapangwa vyombo vya kauri. Sahani ilivuka bahari kwa jahazi ikafika mahali pa ibada, pa maiti na pa bibi harusi, zaidi ya mahali pa kulia.

Maandishi nayo yana umri wake. Katika msikiti wa Kizimkazi Dimbani, kusini ya Unguja, kibla kina maandishi ya Kikufi ya mwaka 500 Hijria, sawa na 1107. Kwa hiyo herufi ya Kiarabu iliyochorwa kama pambo ina miaka zaidi ya 900 kisiwani. Nje ya pwani yetu, Waislamu wa Shamu walikuwa na mabakuli ya shaba ya tiba yaliyochongwa aya na alama kwa mizunguko. Bakuli moja mashuhuri lilitengenezwa kwa ajili ya mtawala Nur al-Din Mahmud ibn Zangi mwaka 565 Hijria, yaani 1169 au 1170. Mgonjwa alikunywa maji yaliyogusa maandishi yale. Tofauti na kombe la kwetu ni moja: bakuli la shaba hubaki na maneno yake, sahani ya Ng'ambo huyatoa yote.

Ng'ambo ya maji

Jina Kikwajuni linatokana na mkwaju, mti wa ukwaju. Mtaa wenyewe una Juu na Bondeni, na uko upande wa mji ulioitwa Ng'ambo kwa sababu kati yake na Mji Mkongwe palikuwa na mkono wa bahari. Palipokuwa na daraja ndipo tunapopaita Darajani hadi leo. Mkono ule ulifukiwa kidogokidogo, na kufikia miaka ya 1950 ulikuwa umekwisha kuwa ardhi. Ng'ambo walikaa watu wa kila asili: waliotoka utumwani na watoto wao, Wamanyema, Wangazija, Washihiri, watu wa mashamba waliofuata kazi mjini. Majumba ya Mji Mkongwe yalionesha utajiri wake milangoni, kwa waridi na yungiyungi zilizochongwa kwenye mti. Nyumba za udongo na makuti za Ng'ambo hazikuwa na milango ile. Mapambo yao yalikuwa ya kuchukulika: mkeka, kanga, hina, kofia.

Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, wataalamu kutoka Ujerumani Mashariki walisaidia kujenga nyumba za ghorofa Kikwajuni, kabla ya safu ndefu za Michenzani. Watu wakaziita nyumba za maendeleo. Mistari ikanyooka, pembe zikawa za rula, ua wa nyuma ukageuka ngazi na veranda. Lakini vitu vya kuchukulika vilipanda ngazi pamoja na wenyewe.

Kawa ni kimojawapo. Ukindu huchanwa, huchemshwa na rangi, husukwa kuwa ukili mrefu. Kisha ukili hushonwa kwa kuzungushwa kuanzia kwenye kilele, pindo kwa pindo, mpaka kofia kubwa ya kufunikia sinia inapatikana. Mwenye kusuka haangalii sana mikono yake. Anazungumza, anacheka, anamkemea mtoto, na vidole vinahesabu vyenyewe, kwa sababu akikosea mmoja tu rangi haitaangukia mahali pake na duara litapinda. Jioni za Ramadhani kawa hilo huonekana likivuka uchochoro juu ya sinia ya futari, kutoka mlango hadi mlango. Aliyelishona hakulishona alitazame yeye.

Cha pili ni kofia ya mkono. Chukua moja uigeuze ndani nje, utaona kazi yake. Vitambaa viwili vyeupe vimelazwa pamoja. Mchoro umepigwa kwa penseli. Kila kitobo kimetobolewa, kisha kimezungushiwa uzi mpaka kikafanana na jicho la ndege. Vitobo hupanga viua, viua hupanga pete, na juu kabisa, kwenye kipande cha duara kinachokaa utosini, mchoro wote unatoka katikati na kufunguka kama ua. Kofia moja huchukua wiki nyingi, hata miezi. Mara nyingi mikono ni zaidi ya mmoja: huyu anachora, yule anatoboa, mwingine anamalizia. Waomani huivaa wakiiita kumma, na wengi wao hukiri asili yake ni Unguja. Kofia za mashine zimejaa madukani kwa bei ndogo, lakini kwa Idi au kwa harusi mtu bado huulizwa, "Hii ya nani?" Swali linataka kujua aliyeishona, kama mke, mchumba au mama.

Daktari aliyepita Mombasa

Kama tiba ya nafsi, duara la upande wa pili lina historia fupi zaidi. Watawa wa Kibuddha wa Tibet wamechora mandala kwa mchanga wa rangi kwa karne nyingi, na wakimaliza huufagia mchanga na kuumwaga mtoni. Aliyeyaingiza maduara hayo katika tiba ya nafsi ya Magharibi ni Carl Gustav Jung, daktari wa Uswisi. Alichora la kwanza mwaka 1916. Mwaka 1918 na 1919, akiwa msimamizi wa kambi ya wanajeshi wa Kiingereza huko Château-d'Oex, alikuwa akichora duara dogo daftarini kila asubuhi na kuliona kama kioo cha hali yake ya siku ile. Kutoka hapo likazaliwa wazo kwamba mtu akichora duara lake anajikusanya.

Jung huyohuyo alishuka Mombasa Novemba 1925, akapanda treni hadi Nairobi, akaenda kukaa na watu wa Mlima Elgon, akizungumza nao kwa Kiswahili cha kubahatisha. Mwaka uleule, Mnazi Mmoja, hatua chache kutoka Kikwajuni, lilifunguliwa jumba la makumbusho ya amani baada ya Vita Kuu, Beit al-Amani, lenye kuba jeupe la mviringo. Lakini Jung alikuwa na macho ya bara, ya ndoto na machweo ya mlimani. Kofia za vitobo lazima zilimpita bandarini juu ya vichwa vya makuli na manahodha.

Sayansi ilifuata baadaye. Mwaka 2005 watafiti wa Marekani, Nancy Curry na Tim Kasser, waliwatia wanafunzi 84 wasiwasi kwa makusudi, kisha wakawagawa: wengine wapake rangi mandala, wengine mchoro wa drafti kama wa kikoi, wengine wachore wapendavyo kwenye karatasi tupu. Wasiwasi ulipungua kwa makundi mawili ya kwanza. Karatasi tupu haikusaidia kitu. Kwa msuka ukili hiyo si habari. Kinachotuliza ni utaratibu wenye mipaka, mkono kujua unakwenda wapi huku moyo ukipata nafasi. Drafti ilitosha, haikulazimu liwe duara.

Hapo ndipo tofauti kubwa inapojitokeza, na haiko kwenye umbo. Mandala ya Jung na ya vitabu vya kupaka rangi ina mtu mmoja: anayechora ndiye anayeponywa. Duara la Unguja lina watu wawili daima. Anayeandika kombe si anayelinywa. Anayeshona kofia haivai. Kawa linakwenda kwa jirani, na hina inachorwa kwenye mikono ya bibi harusi na mwanamke mwingine, ilhali mikono yake mwenyewe imetulia kwa saa nzima, haifanyi lolote.

Mvutano na mabaki

Kombe halikupita bila ubishi. Wapo wanazuoni wanaolipinga wakiona kwamba Qur'ani imeshushwa isomwe na kufuatwa. Mwaka 1969 ilipotoka tafsiri ya Qur'ani kwa Kiswahili ya Sheikh Abdallah Saleh al-Farsy, mzaliwa wa Unguja, wengi waliweza kwa mara ya kwanza kuielewa aya ileile ambayo wazazi wao waliinywa. Wanaolitetea hujibu kwamba kusoma hakukukataza kunywa. Mtafiti Hanna Nieber, aliyeishi na waandishi na wanywaji wa kombe mjini Unguja, ameandika jinsi watu wanavyochanganya kombe na dawa za hospitali bila kuona mgongano. Maalim wetu wa mwanzo alisema hivyohivyo kwa sentensi moja.

Yeyote anayetaka kuchora duara kwa ajili ya moyo wake na achore. Penseli haimkatazi mtu, na atulie. Lakini Mswahili ana swali moja la kuongeza kabla hajaanza, lile la kofia ya Idi: ya nani? Akiwa na jibu, mkono wake utapata mpaka ambao rula haitoi. Atahesabu vitobo kwa makini kwa sababu kichwa kitakachovaa kina vipimo vyake, na atajua lini amemaliza.

Kikwajuni Bondeni, mama ameshamfunga mtoto mgongoni. Sahani imeoshwa, imerudi rafuni ikiwa nyeupe kama ilivyokuwa, na ukiitazama hutajua kuwa dakika chache zilizopita ilijaa. Chupa imo ndani ya mkoba, imefungwa kwa leso isimwagike. Mama anapanda ngazi za nyumba za maendeleo polepole, mkono mmoja ukiushika mkoba kwa chini.