Sharti la Kutotegemeana kwa Majukumu: Kutoka Makala ya 1973 hadi Pathfinder, 1997

Ukokotoaji wa wakati halisi haupimwi kwa kasi peke yake. Jibu sahihi linalochelewa huhesabiwa kuwa kosa. Msingi wake wa kihisabati ulitolewa mwaka 1973 katika makala ya C. L. Liu na James Layland: majukumu yanayojirudia mara nyingi zaidi hupewa kipaumbele cha juu, na yote hutimia kwa wakati, hata yawe mengi kiasi gani, iwapo hayatumii zaidi ya takriban asilimia 69 ya uwezo wa prosesa. Hesabu hiyo ilisimama juu ya sharti kwamba majukumu hayategemeani. Layland, ikumbukwe, alikuwa mtumishi wa Jet Propulsion Laboratory, California.

Tarehe 4 Julai 1997 chombo cha maabara hiyohiyo, Pathfinder, kilitua kwenye sayari ya Mirihi. Siku chache baadaye kompyuta yake ikaanza kujiwasha upya mara kwa mara. Jukumu la vipimo vya hali ya hewa, lenye kipaumbele cha chini, lilishika kufuli lililohitajiwa na jukumu la juu la kugawa data. Kabla halijaliachia, likakatizwa na majukumu ya kati, yakiwamo ya mawasiliano. La juu likamsubiri wa chini, wa chini akawasubiri wa kati, na muda ukapita.

Tiba ilikuwapo. Sha, Rajkumar na Lehoczky walikwisha kuchapisha kanuni ya urithi wa kipaumbele mwaka 1990, na VxWorks, mfumo endeshi wa chombo, ulikuwa nayo, ila ilikuwa imezimwa kwenye kufuli hilo. Wahandisi waliizalisha tena hitilafu katika maabara, kisha wakatuma badiliko la kuiwasha.

Masimulizi yaliyoenea hulifanya tukio hili ushindi wa nadharia. Nasita kuyakubali. Glenn Reeves, kiongozi wa timu ya programu, aliandika kwamba hitilafu ilionekana kabla ya kutua lakini haikuweza kurudiwa, na kwamba nguvu nyingi zilielekezwa kwenye programu ya kutua. Isitoshe, kufuli hilo halikuandikwa na timu yake. Liliundwa ndani ya maktaba ya VxWorks. Majukumu yaliyoonekana kutotegemeana yalikuwa yamefungamanishwa mahali ambapo mwandishi wa programu hakuwa na sababu ya kupatazama.